Elimu ya Kushuka: Gia Nzito Katika Milima ya Tarime

Nchi ya Tarime imeumbwa kwa namna ya kumtaabisha dereva. Mji wenyewe umekaa katika kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyanda za juu za Wakuria, zenye kahawa, migomba na mahindi, zinaendelea upande wa mashariki, kisha ardhi inaporomoka kuelekea bonde la Mto Mara; na ng'ambo ya mto ndiyo wilaya ya Serengeti, nchi ya Wangoreme, Waisenye, Wanata na Waikoma, ambako milima hupungua na udongo mweusi wa mbuga ukachukua zamu ya kumsumbua msafiri. Mtu atokaye Tarime kwenda Mugumu kwa njia ya Nyamwaga na Nyamongo hana budi kuteremka, na arudipo hana budi kupanda. Nami naona kwamba tarihi ya udereva katika sehemu hizi ni, kwa sehemu kubwa, tarihi ya elimu moja, yaani elimu ya kushuka.

Kabla ya motokaa, mizigo ilichukuliwa kichwani mwa watu na mgongoni mwa punda, na punda hahitaji kufundishwa namna ya kuteremka. Malori ya kwanza yalikuwa na giaboksi zisizo na kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno. Ufundi huo ulitokea Marekani katika magari ya Cadillac mwaka 1928, walakini malori yalikawia miaka mingi kuupata. Aliyetaka kurudi kutoka gia namba tatu hadi namba mbili alikanyaga klachi, akaitoa gia, akaachia klachi, akaongeza mafuta kidogo kwa kipimo cha sikio, akakanyaga tena, ndipo meno yakakubali kuingiana. Na akikosea katikati ya mteremko, gia ilikataa, lori likawa huru, na breki za zama zile hazikuwa za kutumainiwa. Kwa sababu hiyo madereva wenye busara walisimama kichwani pa mlima, wakaingiza gia nzito gari likiwa limetulia, ndipo wakaanza kushuka, wakiishika kaida ya kwamba mlima hushukwa kwa gia ile ile ambayo ungepandiwa. Utingo alikaa nyuma na kabari yake ya mti, tayari kuruka na kulizuia gurudumu. Vita Kuu ya Pili ilizidisha idadi ya watu wenye maarifa haya, maana jeshi lilihitaji Waafrika wa kuendesha malori yake hadi Habeshi na Burma, na Wakuria walikuwa wameandikwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Baadaye utingo alijifunza kwa kukaa karibu na dereva wake mwaka baada ya mwaka, na aghalabu aliijua sauti ya injini kabla ya kuruhusiwa kuugusa usukani.

Wakati huo huo mafundi wa Marekani walikuwa wakitafuta namna ya kumwondolea dereva taabu ya klachi. Giaboksi ya Hydra-Matic, iliyobadili gia yenyewe, iliingizwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Inafaa ikumbukwe kwamba mafundi wale hawakuisahau milima: tangu giaboksi hiyo ya kwanza, mkono wa gia uliachiwa mahali maalumu pa gia nzito.

Kwetu magari haya yalichelewa. Kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983 mpaka wa Kenya pale Sirari ulikuwa umefungwa, na gari jipya lilikuwa jambo la wachache mno. Serikali ilipolegeza masharti mwaka 1984, wenye fedha zao wakaanza kuagiza, na katika miaka ya 1990 na iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakajaa nchini, mengi yao ya automatiki. Hapo ndipo mnyororo wa elimu ulipokatika, kwa kuwa mtu aliweza kushika usukani wa Noah au Probox iliyojaa abiria pasipo kupita kwa utingo wala kwa klachi, akaweka D, akadhani kazi imekwisha.

Lakini D haina macho. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta mlimani, na mwendo ukazidi, giaboksi huhesabu kwamba sasa ni wakati wa gia nyepesi, ikapanda juu badala ya kushuka, na injini ikaacha kulizuia gari hasa pale inapohitajika. Breki hubaki peke yake. Gari la tani moja na nusu likiteremka kimo cha mita 300 kwa breki tupu, breki hizo hupokea joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 12 za maji baridi. Mafuta ya breki yakichemka hufanya povu, na pedali huzama hadi chini bila kushika kitu. Dawa imo mkononi: kabla ya kilele, mwendo ukiwa mdogo, dereva azime O/D, yaani gia nyepesi kuliko zote, avute 2, na pakiwa na mwinamo mkali zaidi, L, kisha aiachie injini imshikie gari, na breki azikanyage kwa nguvu mara chache, aziachie zipoe. Asivute L gari likiwa mbioni. Wakati wa kupanda, gia hizo hizo huiokoa giaboksi isihangaike kupanda na kushuka mpaka mafuta yake yakaungua.

Na ile desturi ya kushuka kwa frii, yaani gari likiwa nje ya gia, ili kuokoa petroli naichukia kwa dhati, maana hata hesabu yake ni batili: injini ya kisasa iliyo ndani ya gia, mguu ukiwa juu, hukata petroli, ilhali gari lililo frii huendelea kuinywa.

Siku hizi barabara ya Tarime hadi Mugumu inajengwa kwa lami, jambo la kushukuriwa. Ila lami huongeza mwendo na haiupunguzii mlima hata shubiri moja. Ningependa walimu wa udereva wa Tarime wamchukue mwanafunzi mpaka kichwani pa mteremko wa kwenda Nyamongo, wamwamuru asimame, avute 2 au L, kisha ateremke akiisikiliza injini, kwanza na gari tupu, halafu na gari lenye magunia ya mahindi.