Namba na Jicho: Bastola za Springfield na Panga za Japani

Wapenzi wa panga za kale nchini Japani wana zoezi moja la kupima ujuzi wao. Upanga huletwa shina lake likiwa limefunikwa, yaani ile sehemu inayoingia mpinini na ambayo hubeba jina la mhunzi. Kinachobaki kutazamwa ni ubapa: mkunjo wake, chembe za chuma chake, na mstari unaong'aa kando ya makali. Kila mshiriki huandika jina la mhunzi anayemdhania, ndipo shina lifunuliwe. Jicho hutangulia maandishi.

Mkusanyaji wa bastola za silinda za Marekani huanzia upande wa pili. Akishika Smith & Wesson ya fremu ya kati, ile ya ukoo wa K uliozaliwa mwaka 1899 kwa jina la Military & Police, kwanza huhakikisha silinda haina risasi, kisha hupindua kitako na kusoma namba. Namba hizo zilipanda bila herufi hadi zilipokaribia milioni moja mwaka 1942, kiwanda cha Springfield, Massachusetts, kikaanza upya kwa herufi V, ya Victory, ushindi uliokuwa ukitafutwa vitani. Ilifuata S, na mwaka 1948 ikaja C. Bastola za shabaha zilizotoka baada ya vita zilipewa K. Kwa herufi moja tu, msomaji aliyezoea anakijua kipindi.

Tofauti hii ina chanzo chake. Mhunzi wa Japani alifua upanga mmoja baada ya mwingine, na mkono wake ulibaki ndani ya chuma. Springfield ilitoa bastola zinazofanana kwa maelfu. Hata hivyo, tusidhani kwamba mashine ilimaliza kazi yote. Katika bastola za kabla ya vita, namba ya kitakoni huonekana tena nyuma ya silinda, chini ya mtutu na ndani ya kipande cha mbao cha kulia cha mpini. Haikuwekwa hapo kwa ajili yetu. Mafundi walivisugua na kuvilinganisha vipande kwa mikono mpaka vikakubaliana, kisha vikatenganishwa ili vitiwe rangi. Namba ndiyo iliyovirudisha pamoja. Namba zikilingana, tunajua vipande hivyo vimekuwa pamoja tangu benchi la fundi.

Na jicho nalo lina kazi Marekani. Fremu ya zamani ya K ina skrubu tano: nne kwenye bamba la ubavuni na moja mbele ya kinga ya kifyatulio. Katikati ya miaka ya 1950 ile ya juu ya bamba iliondolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaondolewa ya mbele. Mwaka 1957 kiwanda kilianza kuzipa bastola namba za modeli: Military & Police ikawa Modeli 10, na Combat Magnum ya mwaka 1955 ikawa Modeli 19. Mpinzani wa kiwanda hicho, Colt wa Hartford, hutambulika bila kusoma chochote. Silinda yake huzunguka kulia, ya Smith & Wesson kushoto; kitasa chake huvutwa nyuma, cha mwenzake husukumwa mbele. Ndivyo utakavyoijua Official Police, jina ambalo Colt waliipa Army Special yao mwaka 1927.

Mila hizi mbili zinaachana vikali zaidi penye uongo. Japani ina panga nyingi zenye majina ya wahunzi wakuu yaliyochongwa na wengine. Upanga wa namna hiyo ukiwa mzuri kwa haki yake, mwenyewe anaweza kuamua jina la uongo lifutwe ili ubapa uhukumiwe upya. Kutokuwa na jina si aibu: kazi nyingi zinazohesabiwa kuwa za mhunzi mkuu Masamune hazina saini. Marekani, namba iliyofutwa huua thamani ya bastola, na sheria ya shirikisho inakataza kuimiliki. Lakini namba peke yake haikamati mghushi. Viwanda vya Eibar, Hispania, viliiga umbo la Military & Police kwa ustadi, na anayezitambua nakala hizo ni yule anayejua mistari ya fremu na maneno ya mtutuni.

Pande zote mbili zimeishia kwenye karatasi. Ukoo wa Hon'ami ulitoa hati za panga kwa vizazi vingi, na mwaka 1719 ukamkabidhi shogun Tokugawa Yoshimune orodha ya panga mashuhuri. Hati yao ilikuwa hukumu ya jicho. Barua ya kiwanda cha Marekani ni kumbukumbu ya stoo: siku bastola ilipotoka, urefu wa mtutu, rangi, na duka lililoipokea. Ya kwanza inaweza kukosea katika kuhukumu. Ya pili haijui lolote lililotokea baada ya mlango wa stoo.

Penye alama za umri ndipo mila hizi zinapokutana, na hapo naziona zote zina haki. Mjapani hunoa ubapa, lakini kutu ya shina haigusi kamwe, kwa kuwa rangi yake ndiyo shahidi wa umri. Mkusanyaji makini wa Marekani huacha rangi ya samawati iliyochakaa mdomoni mwa mtutu palipokwaruzwa na mkoba. Anayeipaka upya ili ing'ae hufuta ushahidi ambao hakuna barua inayoweza kuurudisha.

Kwa hiyo ningemshauri anayeanza kukusanya bastola hizi aazime zoezi la Wajapani. Afunike namba kwanza. Ahesabu skrubu, atazame nishani ya mpinini, kitasa na uchakavu, akisie mwaka, ndipo asome. Namba ikikubaliana na jicho, ana ushahidi wa pande mbili. Isipokubaliana, asikimbilie kununua wala kukataa: aitafute sababu, kwa maana katika kutokubaliana huko ndiko historia ya kifaa hicho ilikoandikwa.