Wati za Bamvua

Neno kipaza sauti limebebeshwa vyombo vitatu. Kijijini Bodo, kama kwingine pwani ya Kenya, muadhini huadhini mbele ya kipaza sauti, sauti hupitia kipaza sauti, kisha hutokea kwenye kipaza sauti kilichofungwa mnarani. Mafundi wamejitoa taabuni kwa kukopa: maiki, amplifaya, spika. Siwalaumu; anayeunganisha nyaya hangojei kamusi.

Hata hivyo mali tunayo. Kupaza kumezaliwa na kupaa: ni kukiinua kitu kiende juu. Kukuza kumezaliwa na kukua: kitu ni kilekile, ila kimeongezeka. Amplifaya hairushi sauti hewani. Hupokea mawimbi hafifu ya umeme ikayakuza bila kuyageuza umbo. Basi hiyo iwe kikuza, na spika iwe kipaza. Maiki tuiachie jina lake, halijamkera mtu.

Nguvu nayo ni neno pana mno: dawa ina nguvu, sheria ina nguvu, hata fitina. Kenya tuna Wizara ya Kawi, wenzetu Tanzania wana Wizara ya Nishati, na kazi ni moja. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu: kawi ni kuwa na nguvu, nishati ni uchangamfu. Fizikia hutenganisha akiba na kasi ya kuitumia. Napendekeza akiba iwe nishati na kasi iwe kawi. Kikuza hupimwa kwa kawi.

Kipimo cha kawi, wati, ni jina la mtu, James Watt wa Uskoti, lililovaa irabu na kuwa letu. Halidai tafsiri, ladai kivumishi. Ukisema “wati 1,000” ukanyamaza, hujasema kitu: kwa muda gani? Kwa spika ya omu ngapi? Kwa mkwaruzo kiasi gani?

Pengo hilo limezibwa na vifupisho. RMS, ukiifungua, ni kipeuo cha wastani wa miraba. Ni hesabu ya volti hasa, na ulimini ni jiwe. PMPO, yaani wati za kilele cha muziki, haina kanuni iliyoafikiwa. Kila kiwanda hujipimia. Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitoa kanuni mwaka 1974: tangazo la amplifaya ya nyumbani litaje wati inazoweza kutoa mfululizo, omu na mkwaruzo wake. Sisi tuanze na majina.

Na majina yako ufukweni. Wanaovuka kutoka Bodo kwenda kisiwa cha Funzi wanajua bamvua: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kupita kiasi, kisha hupwa kupita kiasi. Wati za kilele, zinazofikiwa kwa nukta ya sekunde, ziitwe wati za bamvua. Zile ambazo kikuza huzitoa mfululizo bila kuchoka ziitwe wati za kudumu.

Mkwaruzo, yaani mawimbi kugeuzwa umbo, nimeutumia makusudi. Vitabu hupenda upotoshaji, neno lililokwisha kuzoea siasa. Mkwaruzo husikika hata ukiutamka. Na kikuza kikisukumwa kupita kikomo, vichwa vya mawimbi vikawa bapa, tuseme mawimbi yamekatwa vilele.

Limebaki neno ukubwa, ambalo hupumbaza zaidi. Wati zikiongezeka mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu. Ili sikio likiri kuwa sauti imekuwa maradufu, zatakiwa kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Tutenge basi: wati kwa kawi, desibeli kwa mvumo.

Mlinzi mwenzangu wa lugha, ukienda Ukunda kununua mtambo wa harusi, usiulize ni wati ngapi. Uliza: za bamvua au za kudumu? Muuzaji asipokuwa na jibu, rudi na pesa zako.