Mikondo, Ramani na Haki ya Kuwa Chanzo: Funzo kutoka Tarime na Serengeti

Kila dola hutawala kwa kusoma na kuandika. Huwasoma watu wake kupitia sensa, daftari, ripoti na ramani. Kisha huwaandikia amri, sheria na mipaka. Swali ninalotaka tulitafakari leo, ndugu msomaji, ni hili: nani anaruhusiwa kuwa chanzo cha taarifa ambazo dola inazisoma? Nitalijibu kwa njia isiyozoeleka. Nitaweka kando kwa kando historia mbili: ya ramani za Tarime na Serengeti, na ya kipengele kidogo cha programu za kompyuta kiitwacho mkondo.

Tuanze na ramani. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa Afrika Mashariki kwa mstari uliotoka mlango wa Mto Umba, ukapita kaskazini mwa Kilimanjaro, ukaishia ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mstari huo uliipasua nchi ya Wakurya. Wairege na Wanyabasi, kwa mfano, wakajikuta pande zote mbili za mpaka, na hadi leo mtu wa Tarime huvuka Sirari kwenda kumzika ndugu yake Kenya. Waliouchora mstari ule hawakumuuliza mzee yeyote wa Kikurya, kwa kuwa katika karatasi zao hapakuwa na mahali pa kuliweka jibu lake.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, jambo hilo lilijirudia kwa sura nyingine. Lugha ya hifadhi ilikuwa lugha ya wanyama na mipaka. Kumbukumbu za Waikoma na Wanata, ambao nchi ile ilikuwa ya mawindo na matambiko yao, hazikupewa nafasi. Kisha, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huohuo wa Mara, alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Nia yake ilikuwa mbali na ya mkoloni: alitaka shule, zahanati na maji viwafikie wananchi. Hata hivyo, mwelekeo wa taarifa haukubadilika. Amri ilishuka, kaya ikahama, na maarifa ya kaya ile kuhusu udongo, maji na malisho yake yakabaki hayana njia ya kupanda juu.

Katika miaka hiyohiyo, huko Marekani, kikundi kidogo cha wataalamu wa maabara za Bell kilikuwa kikihangaika na tatizo linalofanana na hili kwa umbo, ingawa si kwa uzito. Programu nyingi za wakati ule ziliandikwa zikikijua chombo zinachokisoma: kadi zilizotobolewa, utepe au diski. Ukibadilisha chombo, ulilazimika kuibadilisha programu. Mwaka 1964 Douglas McIlroy alikuwa amekwisha kupendekeza kwamba programu ziungwe kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani. Mwaka 1973 Ken Thompson alilitia wazo hilo katika mfumo wa Unix. Mike Lesk akaandika maktaba ya kwanza ya kusoma na kuandika kwa namna isiyofungwa na aina ya mashine. Dennis Ritchie, aliyeibuni lugha ya C, akaiandika upya, ikatoka pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979.

Kiini cha kazi yao ni mkondo. Programu huomba baiti zinazofuata, nayo haiulizi kama zinatoka kwenye diski, kwenye kibodi au kwenye programu jirani. Huandika baiti zake, nayo haiulizi zinakwenda wapi. Kiwango rasmi cha lugha ya C kilipotangazwa Marekani mwaka 1989, mikondo ilikuwa sehemu yake, na mpaka leo programu nyingi sana duniani zinaitumia.

Lakini ukarimu huo ulikuwa na mpaka. Kiwango kilimpa mwandishi wa programu mikondo iliyokwisha kutengenezwa, bila kumpa njia ya kubuni aina yake mwenyewe. Chanzo ambacho wajenzi hawakukiwazia kilibaki nje. Mlango ulifunguliwa na maktaba zilizovuka kiwango: ile ya mfumo wa BSD, uliotoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, kwa agizo liitwalo funopen, na ile ya mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, kwa agizo liitwalo fopencookie.

Utaratibu wa GNU ni mwepesi kuueleza. Anayetaka kubuni mkondo huikabidhi maktaba vitu viwili. Cha kwanza ni anwani ya taarifa zake binafsi, ambayo maktaba huitunza na kumrudishia bila kuchungulia ndani, kama karani wa stoo ya mizigo anavyotunza begi lenye kufuli. Cha pili ni kazi nne alizoziandika mwenyewe: kusoma, kuandika, kusogea hadi mahali panapotakiwa, na kufunga. Akishayafanya hayo, mkondo wake huwa raia kamili. Unaweza kubeba data iliyobanwa, au data iliyoko kwenye kompyuta ya mbali, na programu iliyoandikwa miaka mingi kabla yake itausoma kwa maagizo yaleyale. Mgeni haombwi kufanana na wenyeji. Anaombwa kutimiza wajibu uliotajwa wazi.

Mwongozo wa maktaba hiyo una kifungu ambacho ningependa kila mtumishi wa umma akisome. Si lazima kuleta kazi zote nne. Usipoleta kazi ya kusoma, kila anayejaribu kusoma hujibiwa kwamba amefika mwisho wa faili. Usipoleta kazi ya kuandika, kila kinachoandikwa hutupwa. Tafakari uzito wa maneno hayo. Mwisho wa faili unaotokana na kukosekana kwa njia ya kusoma hufanana kabisa na ule unaotokana na kukosekana kwa habari. Aliye upande wa pili huona utupu, akadhani hakuna kitu. Wahenga walionya kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Dola isiyo na masikio husikia kimya tu, ikalala usingizi.

Hapa ndipo historia zetu mbili zinapokutana. Hadi miaka ya karibuni, maeneo mengi ya vijijini ya Tarime na Serengeti yalikuwa weupe mtupu katika ramani za mtandaoni: barabara kuu, majina machache, basi. Weupe ule haukuwa habari kwamba hakuna watu. Ulikuwa mwisho wa faili wa uongo.

Gharama yake iliwaangukia wasichana. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana ilikwisha kupiga marufuku kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Rhobi Samwelly na wenzake walipokuwa wakiwapokea wasichana waliokimbia ukeketaji katika nyumba salama ya Mugumu, tatizo mojawapo lilikuwa la kijiografia tu. Taarifa inaingia usiku kwamba binti fulani yuko hatarini katika kitongoji fulani. Gari liende wapi, ikiwa kitongoji chenyewe hakimo katika ramani yoyote?

Jibu lilipatikana katika ramani yenye mlango. OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, huruhusu mtu yeyote kuongeza njia, nyumba au jina la mahali. Zaidi ya hapo, kila kitu ndani yake huelezwa kwa jozi ya sifa na thamani, na mchangiaji anaweza kubuni sifa mpya ambayo waanzilishi hawakuiwazia. Mwaka 2015 Janet Chapman alianzisha mradi wa Crowd2Map Tanzania. Maelfu ya watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa mbali na Tanzania, walichora nyumba na njia kwa kutazama picha za setilaiti. Lakini picha ya setilaiti haijui jina la kitongoji. Majina yaliongezwa na wenyeji wenyewe kwa simu zao za mkononi. Mtu wa kijijini, kwa mara ya kwanza, akawa chanzo.

Sidai kwamba ramani ile imejengwa juu ya fopencookie. Ninachosema ni kwamba zote mbili zimezaliwa na uamuzi uleule wa kimaadili: mjenzi amekiri kwamba hawezi kuwajua wote watakaokuja, akaacha mlango wenye masharti yanayojulikana. Wala ramani pekee haimwokoi binti. Panahitajika mafuta ya gari, polisi wa dawati la jinsia na watoto, mahakama isiyochoka, na wazazi wanaobadili fikra. Tena mlango ulio wazi unaweza kuingiwa na mwovu. Mahali pa kumficha mtoto anayewindwa si pa kutangazwa, na ndiyo maana lile begi lenye kufuli ni sehemu ya mpango, si pambo lake.

Funzo kwa utumishi wa umma liko wazi. Tunajenga mifumo ya kidijitali kwa kasi: ya usajili, ya afya, ya elimu, ya malalamiko. Kila mfumo una fomu, na kila fomu ni ramani ya 1886 kwa kiasi fulani, kwa kuwa imechorwa na mtu aliye mbali. Kabla ya kuupokea, tuulize kama mtendaji wa kijiji anaweza kuingiza jambo ambalo mbunifu wa makao makuu hakulitarajia. Tuulize pia kinachotokea kwa malalamiko yakiandikwa pale ambapo hakuna aliyepewa kazi ya kuyapokea. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta na mwanafunzi wa historia wana sababu ya kukaa darasa moja kwa maswali haya. Na mwanaharakati akiambiwa kwamba hakuna taarifa za ukatili kutoka kata fulani, asishangilie kwanza. Aende akahakikishe kama kata hiyo ina njia ya kusomwa.