Masomo ya Pamoja, Si ya Jumla

Katika vyuo vidogo vya Marekani, mambo machache huwagombanisha wahadhiri wa idara zote kama kile wanachokiita "general education": masomo ambayo kila mwanafunzi sharti ayapitie, awe anasomea fizikia au ushairi. Sisi tumezoea kuyaita "masomo ya jumla". Jina hilo silipendi. Jumla ni neno la dukani, mwenzake ni rejareja, na likiingia darasani humfanya mtu afikirie kidogo cha hiki na kidogo cha kile. Aliyesoma kidato cha tano na cha sita Tanzania anaikumbuka GS (General Studies): ilikuwa ya lazima, ila haikuwa miongoni mwa masomo matatu ya tahasusi, na wengi waliifungulia daftari mwishoni kabisa. Napendekeza tuseme masomo ya pamoja.

Chimbuko lake ni "liberal arts", kwa Kilatini "artes liberales", yaani fani zilizompasa mtu huru, si mtumwa. Ulaya ya zama za kati ilizihesabu saba: sarufi, balagha na mantiki, kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki. Wapo wanaotafsiri "sanaa huria", na hapo maneno yote mawili yanapotosha. Sanaa kwa masikio ya leo ni uchoraji, maigizo na Bongo Fleva. Nani atadhani jiometri imo? Huria nayo ina wenyewe: kuna soko huria, na kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako neno hilo lina maana ya mlango ulio wazi hata kwa anayesoma akiwa mbali.

Kiswahili cha pwani kina neno lililo karibu zaidi, nalo ni uungwana. Kabla ya kuwa mtu wa adabu, muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Kwa hiyo "elimu ya kiungwana" inabeba historia ileile, na doa lake lilelile, maana Roma na miji ya pwani zote zilikuwa na watumwa waliofanya kazi ili wengine wapate nafasi ya kusoma. Doa hilo lisifichwe na tafsiri.

Masomo ya pamoja yalikuja baadaye sana. Charles Eliot, aliyeshika uongozi wa Harvard mwaka 1869, aliwaachia wanafunzi wajichagulie karibu kila kitu, na vyuo vingi vikafuata. Wahitimu wawili wa chuo kimoja waliweza kukutana bila hata kitabu kimoja walichokisoma wote. Columbia ilijibu mwaka 1919 kwa somo moja la lazima kuhusu ustaarabu. Mwaka 1937, St. John's, chuo kidogo cha Annapolis, kilifuta uchaguzi karibu wote: kila mtu anaanza na Wagiriki na kuendelea na vitabu vilevile hadi mwisho. Vyuo vingine vilichagua mgawanyo, somo moja la sayansi, moja la historia, moja la lugha. Huo ndio unaostahili kuitwa jumla.

Reed, chuo cha Portland chenye wanafunzi wapatao 1,400, kina somo moja la mwaka wa kwanza, Humanities 110. Wote husikiliza mhadhara mmoja, kisha hugawanyika katika vikundi vidogo kuujadili mezani. Kwa miongo mingi vitabu vyake vilikuwa hasa vya Ugiriki na Roma. Kuanzia mwaka 2016 wanafunzi waliokuwa wakilipinga walikaa mbele ya ukumbi wakati wa mihadhara, mabango mkononi, wakiuliza kwa nini msingi wa wote uwe wa watu hao tu. Mwaka 2018 wahadhiri wakatangaza muundo mpya: Mediterania ya kale ilibaki, ikaongezwa Mexico City na Harlem. Sharti la kulisoma wote halikuondolewa. Ugomvi ulikuwa juu ya nani awemo katika hicho cha wote, na mfasiri akiyaita hayo "mageuzi ya masomo ya jumla", msomaji hataelewa mabango yale yalitoka wapi.