Kutuliza Maumivu na Kuimarisha Misuli: Historia Mbili za Tiba ya Umeme, Tukiutazama Mgongo wa Mvuvi wa Nchelenge

Katika Ziwa Mweru wamo samaki wa jamii ya mormyridi, ambao baadhi yao wana mdomo mrefu kama mkonga. Hutoa umeme hafifu wa kutafutia njia majini, usioweza kumshtua mvuvi. Katika Mto Nile na Bahari ya Mediterania wamo wengine wenye umeme mkali, na umeme wa namna hiyo ndio ulioanza kutumika katika tiba. Insha hii inajadili kwamba tiba ya umeme ina historia mbili, na kwamba kuzichanganya kunaweza kumponza mvuvi wa Nchelenge.

Historia ya kwanza ni ya kutuliza maumivu. Katika karne ya 1, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliagiza mgonjwa wa jongo akanyage samaki mwenye umeme hadi mguu uingie ganzi. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza jinsi hisia nyingine zinavyoweza kuzuia maumivu kwenye uti wa mgongo. Baadaye mashine ndogo za kubandikwa kwenye ngozi zilienea.

Historia ya pili ni ya kukaza misuli. Mwaka 1791, Luigi Galvani wa Bologna alichapisha majaribio yaliyoonyesha miguu ya chura aliyekufa ikirukaruka kwa umeme. Mwaka 1855, Mfaransa Duchenne alitoa kitabu kuhusu kuchochea msuli mmoja mmoja kupitia ngozi. Katika miaka ya 1970, Yakov Kots wa Urusi ya Kisovieti alijulikana kwa kutumia umeme kuwaongezea wanamichezo nguvu.

Kwa nini tuzitenganishe? Mwaka 1996, Julie Hides na wenzake nchini Australia walionyesha kwamba msuli wa multifido, unaoshikilia pingili za mgongo, haukurudia ukubwa wake wenyewe hata maumivu yalipokwisha. Kwa waliofanya mazoezi maalumu, ulirudi vizuri zaidi. Basi kuisha kwa maumivu si kupona kwa msuli.

Huko Nchelenge, wanaume hupiga kasia na kuvuta nyavu usiku, na wanawake hubeba mizigo ya samaki. Mashine ya kutuliza maumivu yaweza kumrudisha mtu kazini kesho yake, huku mgongo wake ungali dhaifu. Ile ya kukaza misuli yaweza kusaidia, lakini kwa mgongo ushahidi wake bado unatofautiana, na mazoezi yanabaki kuwa msingi. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa. Ingawa wengi hushika jembe wakati huo, miezi hiyo mitatu ni nafasi nzuri ya kufundisha mazoezi.

Kwa kuhitimisha, mgonjwa anayeuziwa mashine ana haki ya kuuliza kwanza: hii inatuliza maumivu au inaimarisha msuli?