Masika yanakuja: Soma namba za tairi kabla ya kununua

MVUA za masika, ambazo katika Jiji la Dar es Salaam na ukanda wa Pwani hunyesha kati ya Machi na Mei, huyakuta magari mengi yakiwa na matairi yaliyovumiliwa kiangazi kizima.

Tairi lililokwisha kashata huweza kushika vizuri lami kavu. Lami hiyo ikilowa, mambo hubadilika. Mifereji iliyochongwa juu ya tairi ndiyo hukamua maji na kuyatoa pembeni ili mpira uguse barabara. Mifereji ikiisha na mwendo ukiwa mkubwa, maji hukosa pa kupita na gari huelea juu yake. Hapo usukani na breki havisaidii kitu mpaka mwendo upungue.

Kupima kashata

Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata zenye kina cha milimita 7 hadi 8. Ndani ya mifereji mikubwa mna vinundu vya mpira vilivyowekwa kiwandani. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, ambacho ndicho kikomo cha kisheria katika nchi za Umoja wa Ulaya.

Kwa msimu wa mvua, ni busara kutosubiri kikomo hicho bali kubadilisha tairi kina kinapofika milimita 3. Rula ndogo hutosha kupimia, mradi vipimo vichukuliwe katikati na kwenye kingo zote mbili.

Tairi lililolika katikati hutokana na upepo mwingi. Lililolika kingo zote mbili, upepo mdogo. Likilika upande mmoja tu, kwa kawaida magurudumu hayakukaa sawa. Kasoro hiyo irekebishwe kwanza, la sivyo hata matairi mapya yatalika vivyo hivyo.

Maana ya namba

Ukubwa wa tairi huandikwa ubavuni. Mfano ni 195/65R15 91H, unaotumika katika magari mengi ya kawaida. Namba 195 ni upana kwa milimita, na 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 65 ya upana huo. Herufi R huonyesha aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Namba 91 ni uwezo wa kubeba mzigo, yaani kilo 615 kwa kila tairi, na H ni mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa. Tairi la kubadilishia lisiwe na uwezo mdogo wa mzigo kuliko ulioelekezwa na kiwanda.

Maelekezo hayo hupatikana kwenye kibandiko kilichopo katika nguzo ya mlango wa dereva. Katika magari yaliyotumika Japani maneno huwa ya Kijapani, lakini namba husomeka. Upepo huandikwa kwa kilopaskali. 220 ni sawa na paundi 32 za kipimo cha kituo cha mafuta.

Kubadilisha ukubwa ili kupata bei nafuu kuna athari zake. Anayeondoa 195/65R15 na kufunga 195/60R15 huishusha gari karibu sentimita 1, jambo lisilofaa barabara zinapojaa mashimo na maji. Tairi pana zaidi nalo, likiwa na upepo na kashata zilezile, huelea mapema zaidi.

Umri na asili

Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukakamaa kwa umri hata kama kashata ni nzima, na lenye nyufa ubavuni halifai.

Wanunuzi wa matairi ya mtumba wanapaswa pia kutazama neno STUDLESS au alama ya theluji. Hayo ni matairi ya majira ya baridi. Kashata zake huweza kuonekana nene na za kuvutia, lakini mpira wake ni laini, huisha haraka katika joto, na gari huchelewa kusimama kwenye lami yenye maji.

Fedha zikitosha mawili tu

Wengi hufunga matairi mapya mbele. Ushauri wa watengenezaji wakubwa wa matairi ni kinyume: mapya yafungwe nyuma. Matairi ya mbele yakiteleza, dereva huhisi usukani ukiwa mwepesi na huweza kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari huzunguka ghafla, na ni madereva wachache wawezao kulirudisha.

Hata hivyo, matairi ya mbele yakiwa vipara, mawili hayatoshi. Yote manne yabadilishwe. Kwa magari yanayovuta kwa magurudumu yote, tofauti kubwa ya uchakavu kati ya mbele na nyuma huweza kuharibu mitambo ya kugawa nguvu.

Aidha, hakuna tairi linaloshinda maji yanayokwenda kasi. Sentimita 30 tu za maji hayo huweza kuelea na gari dogo, na anayeyakuta barabarani hana budi kugeuza.