Ndege, Viboko na Nyavu za Ziwa Tanganyika

Wenyeji wa ufuo wa ziwa hili huko Bugarama na Rumonge, Burundi, ni kiboko, mamba, fisi maji, mnandi na furukombe.

Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini karibu viumbe wake wote huishi tabaka la juu: huko chini hakuna oksijeni. Matete ya ufukweni ndiyo maficho ya vifaranga vya samaki na viota vya ndege. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inalinda ukanda wa mita 150 kando ya ziwa.

Mnandi hupiga mbizi akifukuza samaki wadogo waitwao ndagala, akanaswa na uzi mwembamba wa nailoni wa wavu asiouona.

Tarehe 12 Juni 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa. Mamlaka ya mkataba huo ina makao Bujumbura.

Ukimkuta ndege kwenye wavu, kata uzi, usimvute bawa. Kiboko mwenye mtoto usimsogelee. Waarifu wahifadhi wa OBPE, ofisi ya Burundi ya kulinda mazingira. Nyavu zilizochakaa usizitupe ziwani.